Kikombe B kilichoonekana hai: uchambuzi wa somo la viumbe hai na vitu visivyo hai

Kila kikundi kimewekewa mezani vikombe vitatu vya plastiki angavu, kila kimoja na gramu 50 za mchanga mkavu. Kikombe A kina mchanga mtupu. Mchanga wa kikombe B umechanganywa na gramu 5 za beking pauda, na wa kikombe C na gramu 5 za hamira kavu ya chembechembe. Wanafunzi ni wa umri wa miaka 12 hadi 14 na hawajaambiwa kilichomo. Wanachojua ni kwamba kikombe kimoja kina kiumbe hai, na wanatakiwa kukitambua kwa jedwali la sifa saba walilokwisha kulinakili: lishe, upumuaji, mwendo, ukuaji, uzazi, mwitikio na utoaji wa taka mwili. Vikombe vyote vinamiminiwa mililita 100 za maji vuguvugu yaliyoyeyushiwa gramu 10 za sukari.

Somo la namna hii hufundishwa sana, kwa sura moja au nyingine. Kisa kinachochambuliwa hapa kimekusanya yale yanayotokea linapoendeshwa kama lilivyoelezwa juu, bila kubadilisha chochote.

Maji yanapogusa mchanga wa B, povu linapanda papo hapo, mchanga unasukumwa juu na mlio wa gesi unasikika. A kinatoa viputo vichache kisha kinatulia. C kimekaa kimya: chembe za hamira zimeelea, maji yamekuwa na rangi ya udongo hafifu, basi. Baada ya dakika 10 jedwali linajazwa. B kinapewa mwendo (mchanga umeruka), mwitikio (kimejibu maji), ukuaji (povu limepanda), taka mwili (gesi imetoka) na lishe (sukari imeliwa). Gesi yake inapitishwa kwenye maji ya chokaa, maji yanageuka meupe, na upumuaji nao unapata alama ya ndiyo. C kinaandikiwa “hakina uhai”.

Vyombo vinapokusanywa ili vioshwe, C kinaanza kutoa povu. Mwalimu anatangaza jibu: kiumbe hai ni hamira iliyo katika C, na B ni mmenyuko wa kikemia tu. Wanafunzi wanafuta na kuandika upya. Wiki inayofuata wanaulizwa kama mwali wa mshumaa ni kiumbe hai. Wengi wanajibu ndiyo: unatumia oksijeni, unatoa kabonidioksidi, unakua, unacheza upepo ukipita na unazaa mwali mwingine. Wamepewa jibu la vikombe vitatu, lakini njia ya kufikiri iliyowapeleka kwenye B imebaki vilevile.

Kosa halikuwa la wanafunzi

Wanafunzi hawa walilisoma jedwali kwa uaminifu. Walitafuta sifa saba, wakaziona sita, wakaamua. Tatizo ni kwamba sifa saba ni maelezo ya yale ambayo viumbe hufanya katika maisha yao yote. Hazikutungwa ziwe kipimo cha dakika 10 juu ya kitu kisichojulikana. Zikigeuzwa kuwa visanduku vya kutia alama, kila sifa hupunguzwa ikawa kile kinachoonekana kwa nje. Ukuaji unakuwa “kimeongezeka ukubwa”, mwitikio unakuwa “kimebadilika kilipoguswa”, na lishe inakuwa “kimewekewa sukari”. Kwa maana hizo, B hakina mpinzani.

Ukuaji ndio unaoonyesha vizuri kilichopotea. Povu la B ni gesi iliyonaswa kwenye maji; gesi ikiondoka, hakuna kilichoongezeka. Fuwele ya chumvi nayo huongezeka ukubwa, lakini kwa kupangia juu yake chumvi ileile iliyokuwa majini. Kiumbe hai huchukua kitu kisichofanana naye, mfano sukari, hukivunja, kisha hujenga nacho protini, mafuta na kuta za mwili wake mwenyewe. Bila neno “kujijenga”, ukuaji kwenye jedwali hautenganishi chochote na chochote.

Upo pia mwelekeo wa umri. Mwanasaikolojia Jean Piaget alieleza tangu miaka ya 1920 jinsi watoto wanavyokihesabu kuwa hai kile kinachojongea, hasa kinachoonekana kujongea chenyewe. Katika umri wa miaka 12 mwelekeo huo haujaisha. Umefunikwa tu na maneno ya darasani. Somo linaloanza na kikombe kinachochemka kwa kelele karibu na kikombe kilichotulia linauamsha upya, na halina budi liwe na njia ya kuukabili.

Maji ya chokaa yalijibu swali lingine

Kipimo cha maji ya chokaa kilifanywa sawasawa na kikatoa jibu la kweli, ila kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kabonidioksidi hugeuza kalsiamu hidroksidi iliyoyeyuka kuwa kalsiamu kaboneti, unga mweupe usioyeyuka. Kipimo kinasema gesi ni ipi. Hakisemi imetoka wapi. Beking pauda ni sodiamu bikaboneti, asidi kavu na wanga wa kunyonya unyevu. Ikipata maji, asidi na bikaboneti hukutana na kutoa kabonidioksidi, maji na chumvi. Gramu 1 ya sodiamu bikaboneti ikimenyuka yote hutoa karibu mililita 290 za gesi katika joto la kawaida la chumba.

Hamira nayo hutoa kabonidioksidi hiyohiyo. Seli zake huigawa sukari ya mezani kwa kimeng'enya kuwa glukosi na fruktosi, kisha pasipo oksijeni ya kutosha huzichachua: molekuli moja ya glukosi hutoa mbili za ethanoli (pombe) na mbili za kabonidioksidi. Kwa hiyo gesi ya B na gesi ya C hazina tofauti yoyote katika chupa ya maji ya chokaa. Mwalimu akitaka kukitumia kipimo hicho, akifanye kwa vikombe vyote viwili bega kwa bega, ili wanafunzi waone wenyewe kwamba kinashindwa kuvitenganisha. Hapo kipimo kinafundisha kitu kikubwa.

Kuna jambo moja dogo linalovuruga. Gesi ya B hutoka kwa wingi na kwa haraka, na maji ya chokaa yakipata kabonidioksidi kupita kiasi ule weupe huyeyuka tena, kwa kuwa kaboneti hugeuka kalsiamu bikaboneti inayoyeyuka. Mwanafunzi aliyechelewa kutazama ataandika kwamba hakuna kilichobadilika. Ipitishwe gesi kidogo tu, na bomba litolewe mara weupe unapoonekana.

Maji na sukari vilimiminwa pamoja

Hili ndilo kosa kubwa la mpangilio, na kulirekebisha hakugharimu chochote. B kilihitaji maji tu, sukari haikuhusika. C kilihitaji maji ili kuamka, kisha sukari ili kufanya kazi. Maji na sukari vilipoingia kwa mkupuo mmoja, hakuna mwanafunzi angeweza kujua B kilijibu kipi. Ndiyo maana “sukari imeliwa” iliandikwa kwa nia safi kabisa.

Kosa la pili ni muda. Hamira kavu imebakiza maji kidogo sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Utando wa seli lazima ulowe na ujipange, vimeng'enya vianze kazi, na gesi ya kwanza iyeyuke kwenye maji kabla ya kiputo chochote kuonekana. Kwa hamira ya chembechembe kwenye nyuzijoto 38 hadi 40 za Selsiasi, povu la kueleweka huanza baada ya dakika 10 hadi 20. Dirisha la dakika 10 lilifungwa pale C kilipokuwa kinajiandaa. Joto nalo halikupimwa. Maji ya nyuzi 40 yakimwagwa kwenye mchanga baridi na chombo baridi hushuka haraka, na chini ya nyuzi 20 hamira hujikongoja.

Kosa la tatu ni kukosa vidhibiti, yaani vyombo vya kulinganishia. Kikombe A kiliwekwa kama kidhibiti cha mchanga, na hilo ni sawa, kwani bila A viputo vya hewa inayotoka katikati ya chembe za mchanga vingehesabiwa kwa B na C. Lakini hakukuwa na chombo cha kuonyesha hamira inafanya nini bila chakula, wala hamira iliyouawa inafanya nini penye chakula.

Somo lilivyopaswa kupangwa

Chukua chupa tano za plastiki za mililita 500 zenye shingo nyembamba, na puto kwa kila chupa. Puto zivutwe na kujazwa upepo mara mbili tatu kabla, maana puto jipya ni gumu na gesi ndogo haitaliinua. Kila chupa iwekwe gramu 30 za mchanga uliooshwa na kukaushwa.

A ibaki mchanga mtupu. B iongezwe gramu 1 ya sodiamu bikaboneti na gramu 0.8 ya asidi ya sitriki ya unga. Mchanganyiko huu ni bora kuliko beking pauda ya dukani, kwa sababu baadhi ya beking pauda zina asidi ya pili inayongoja joto la tanuri na huendelea kutoa viputo hafifu kwa muda mrefu, jambo linaloififisha tofauti unayoitafuta. Unga huo uchanganywe siku ileile, kwani unyevu wa hewani unatosha kuuanzisha. C na E ziwekwe gramu 3 za hamira kavu kila moja. Gramu 3 nyingine za hamira zichemshwe kwa dakika 10 ndani ya maji, zipozwe hadi nyuzi 40, zirudishiwe maji yaliyopungua hadi mililita 100, kisha zimiminwe kwenye D.

Awamu ya kwanza ni maji peke yake. A, B, C na E zipate mililita 100 za maji ya nyuzi 40, na chupa zote tano zisimamishwe kwenye beseni la maji ya nyuzi 38 hadi 40, yakiongezwa ya moto kadiri yanavyopoa. Puto livikwe mara moja, hasa la B, ambalo halingoji. Kwa dakika 10 wanafunzi waandike kinachotokea. B itajaza puto lake ndani ya dakika chache na kukoma. C na E zitatoa povu jembamba au zisitoe kitu.

Awamu ya pili ni chakula. Puto zote zivuliwe na gesi iachiwe. A, B, C na D ziongezwe gramu 5 za sukari zilizoyeyushwa katika mililita 20 za maji vuguvugu. E iongezwe mililita 20 za maji matupu ili ujazo ulingane. Puto zivikwe tena na mzunguko wake upimwe kwa uzi kila baada ya dakika 5, kwa dakika 40. Kabla ya kumimina sukari, kila kikundi kiandike kinachotarajia kwa kila chupa, pamoja na sababu. Sehemu hii isirukwe hata muda ukibana: mwanafunzi aliyeandika kwamba B itachemka tena kwa kuwa ni kiumbe chenye njaa anapata kuona B ikikaa kimya mbele ya sukari.

Matokeo ni haya. B haifanyi kitu. C inaanza polepole, kisha puto linasimama na kuendelea kujaa hadi mwisho wa kipindi. Gramu 5 za sukari zikichachuka zote zinaweza kutoa zaidi ya lita moja ya kabonidioksidi, kwa hiyo chakula hakiishi ndani ya somo. D haifanyi kitu. E inatoa gesi kidogo sana, na wanafunzi makini watauliza inatoka wapi. Inatoka kwenye akiba: seli za hamira hujiwekea wanga wao wenyewe, glikojeni na trehalosi, na hutumia huo kabla ya kupata chakula cha nje. Swali hilo likiulizwa, lisipitwe haraka. Akiba inayotumika kidogokidogo wakati wa njaa ni jambo ambalo chupa B haina kwa namna yoyote.

Kipimo cha kuua kina mtego

Wengi wangesimama hapa: D iliyochemshwa imekoma, C inaendelea, basi C ni hai. Hoja hiyo ina tundu. Mchanganyiko wa B nao ukichemshwa majini kwa dakika 10 “utakufa”: utatoa gesi yake yote, na baadaye hautajibu tena. Joto huua viumbe, lakini pia huharibu au humaliza kemikali zisizo na uhai. Kukoma baada ya kuchemshwa hakuthibitishi kwamba kilichokuwamo kilikuwa hai.

Tundu hili lilishawahi kujitokeza kwenye sayari ya Mirihi. Chombo cha anga cha Marekani, Viking 1, kilitua huko tarehe 20 Julai 1976, na mwenzake Viking 2 tarehe 3 Septemba mwaka huohuo. Katika jaribio mojawapo udongo ulitiwa matone ya virutubisho vyenye kaboni-14, yaani kaboni yenye mnururisho, na gesi yenye mnururisho ikatoka haraka. Udongo uliopashwa moto hadi nyuzi 160 kwa saa tatu haukutoa gesi hiyo. Kwa mantiki ya C na D, hapo pangeandikwa “hai”. Lakini virutubisho vilipoongezwa mara ya pili hakukuja wimbi jipya la gesi, na kifaa kingine cha chombo hichohicho hakikupata mabaki ya kaboni ambayo miili ya viumbe ingetarajiwa kuyaacha kwenye udongo. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta chumvi za pakloreti, zenye klorini na oksijeni, katika udongo wa sayari hiyo, jambo lililowapa nguvu wanaoeleza matokeo yale kwa kemia. Gilbert Levin, aliyeongoza jaribio lile, aliendelea kutetea kwamba lilikuwa limegusa uhai, ila wanasayansi wengi hawakukubaliana naye. Mwanafunzi aliyetoka kumimina sukari ya awamu ya pili analielewa shauri hilo vizuri kabisa, na ni haki yake kuambiwa.

Hata gesi inayofuata sukari, peke yake, haitoshi. Mwaka 1837 Charles Cagniard de la Tour na Theodor Schwann, kila mmoja kwa njia yake, walitazama hamira kwa hadubini, wakaona ikichipua na wakaihusisha na uchachukaji. Mwanakemia Justus von Liebig alipinga vikali. Kwake uchachukaji ulikuwa kemia ya vitu vinavyooza. Kazi za Louis Pasteur mwishoni mwa miaka ya 1850 ziliwapa ushindi waliosema hamira ni hai. Kisha mwaka 1897 Eduard Buchner akasaga hamira, akakamua maji yake yasiyo na seli hai, na maji hayo yakachachua sukari na kutoa gesi. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907. Hamira ni hai, na uchachukaji ni kemia inayofanyika ndani yake. Yote mawili ni kweli. Ukitaka kuonyesha uhai, inabidi utazame kitu ambacho maji ya Buchner hayawezi kukifanya.

Kuhamisha kutoka chupa hadi chupa

Kitu hicho ni kuongezeka. Uzazi wa hamira hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuhesabika kwa maji na sukari.

Chemsha mchuzi wa mililita 95 za maji, gramu 5 za sukari na gramu 2 za unga wa ngano kwa dakika 10, funika, acha upoe hadi nyuzi 30. Unga ni wa lazima: sukari haina nitrojeni, na bila nitrojeni seli hazina cha kujengea protini, hivyo zitachachua bila kuongezeka vya kutosha. Tikisa chupa C, chukua mililita 5 za maji yake, tia kwenye mchuzi huo. Hii ni chupa ya kwanza; ivikwe puto, na zinazofuata vilevile. Ikae saa 24 mahali pa nyuzi 25 hadi 30. Kesho yake itikise, mililita 5 ziende kwenye mchuzi mpya wa chupa ya pili. Kesho kutwa, kutoka ya pili kwenda ya tatu. Chupa B nayo ifanyiwe hivyohivyo. Mchuzi mmoja usiotiwa kitu ufunikwe na kuwekwa kando kila siku.

Hesabu yake inafaa kuandikwa ubaoni. C ina gramu 3 za hamira katika mililita 120, yaani miligramu 25 kwa kila mililita. Chupa ya kwanza ilipokea miligramu 125. Kila uhamisho hupunguza kilichokuwamo hadi sehemu moja ya ishirini, kwa hiyo chupa ya tatu imebakiwa na miligramu 0.3 tu ya hamira iliyotoka kwenye pakiti. Kama hamira ingekuwa kemikali isiyoongezeka, chupa ya tatu ingekuwa na sehemu moja ya mia nne ya kilichokuwa katika ya kwanza, na puto lisingetikisika. Puto la chupa ya tatu likijaa, seli zilizomo zimetengenezwa mumo humo, kwa sukari na unga. Mfululizo wa B unakoma kwenye chupa ya kwanza.

Ipo hatari ya kweli hapa. Bakteria za hewani, au vijimbegu vya bakteria vinavyostahimili kuchemshwa ndani ya unga, vinaweza kuota na kutoa gesi yao. Ndiyo kazi ya mchuzi usiotiwa kitu: ukianza kutoa povu, mfululizo mzima urudiwe. Penye hadubini, tone la chupa ya tatu litazamwe kwa ukuzaji wa mara 400. Hamira ni vidude vya duara-dufu vya maikromita 5 hadi 10, vingine vikiwa na chipukizi dogo ubavuni. Bakteria ni ndogo zaidi na hazichipui hivyo.

Chupa hizi zisifungwe kwa kifuniko cha kukaza, kwani gesi ya usiku mmoja inaweza kupasua chupa. Puto litobolewe tundu moja la sindano likishapimwa. Maji yake yana ethanoli na vijidudu visivyojulikana, hivyo hayanywi mtu, na vyombo vioshwe kwa maji ya moto.

Yanayoharibu matokeo

Kinachoharibu mara nyingi kuliko vyote ni maji ya moto kupita kiasi. Mwalimu anayetaka C iwahi humimina maji ya birika, na hamira hufa ndani ya dakika chache ikifika nyuzi 60. Kinachofuata ni darasa zima lenye chupa mbili za D. Maji baridi sana nayo hudhuru hamira kavu: utando ukilowa kwa ubaridi huvujisha yaliyomo kabla haujajifunga. Kipimajoto kitumike, kidole hakitoshi.

Pakiti ya hamira iliyokaa wazi hudhoofika. Ijaribiwe siku moja kabla: kijiko kimoja cha chai katika nusu kikombe cha maji ya nyuzi 40 yenye sukari kidogo, na povu liwepo ndani ya dakika 20. Hamira laini ya haraka huanza mapema mno na kuukaribia mwendo wa B, hivyo ya chembechembe ndiyo inayofaa hapa. Mchanga wa pwani una vipande vya makombe, ambavyo ni kalsiamu kaboneti na huchemka vikikutana na asidi ya B. Tone la siki juu ya mchanga litakuonya. D ikiachwa hadi siku ya pili inaweza kuanza kutoa gesi. Hamira haikufufuka; wageni wameingia na kukuta chakula.

“Ilikuwa hai ndani ya pakiti?”

Swali hili huja karibu kila mara, na linastahili jibu kamili. Ndiyo, ilikuwa hai, ingawa haikuonyesha hata sifa moja kati ya saba. Seli zake zilikuwa nzima, zimekaushwa, kazi zake zimekaribia kusimama, na trehalosi ikilinda utando na protini zisiharibike kwa ukavu. Mbegu kavu iko katika hali hiyohiyo. Mbegu ya tende iliyochimbuliwa Masada, ngome ya kale huko Israeli, miaka ya 1960, ambayo umri wake ulipimwa kwa kaboni kuwa wa takriban miaka 2,000, ilipandwa mwaka 2005 ikaota na kuwa mtende.

Kwa hiyo jedwali la somo linahitaji safu nne: kilicho hai na kinafanya kazi (C ikiwa na sukari), kilicho hai lakini kimelala (hamira ya pakiti), kilichokufa (D), na ambacho hakijawahi kuwa hai (A na B). D na A zote hazitoi gesi, lakini ndani ya D kuna kuta za seli, protini na mafuta yaliyojengwa na kiumbe. Vitabu vingi huyatia makundi mawili haya katika fungu moja la “visivyo hai”, na mwanafunzi anabaki hajui aweke wapi ubao au ganda la konokono.

Mwali wa mshumaa unavyosahihishwa

Swali la mwali ni gumu kuliko linavyoonekana, na mwalimu asilisahihishe kwa kukata tu. Mwali unafaulu karibu kila kipimo kilichotumika hapo juu. Ukiongezewa mafuta unaendelea, ukinyimwa unazimika. Unaweza kuuawa. Na unahamishika kutoka mshumaa hadi mshumaa bila kikomo, bila kufifia, sawasawa na chupa za hamira. Mwanafunzi anayeandika hayo amefikiri vizuri na apewe alama zake.

Penye kutenganisha ni mrithi anafanana na nani. Washa jiko la gesi kwa mwali wa mshumaa: unapata mwali wa gesi, wa buluu, usio na chochote cha mshumaa uliouwasha. Sura na rangi yake vimetoka kwenye kitu kinachoungua na hewa kinayopata. Hamira ya chupa C ilipohamishiwa kwenye mchuzi wa unga haikugeuka kitu cha unga. Ilibaki hamira, yenye umbo lilelile, ikichipua vilevile, kwa sababu kila seli hubeba DNA na kuirithisha. Mwali pia hauna seli, na haujengi mwili kutokana na nta inayoungua. Nta inakuwa kabonidioksidi na mvuke wa maji na kuondoka.

Jibu la alama zote, kwa mwanafunzi wa umri huu, ni lile linalokiri mwali unafanana na kiumbe katika jambo gani hasa, kisha likataje seli au urithi kama mahali unapopungukiwa. Anayeandika “si hai kwa sababu haupumui” apate sehemu ya alama tu, maana kwa kipimo alichopewa mwanzoni unapumua. Na anayeandika kwamba angewasha jiko la gesi kwa mshumaa ili aone mwali utafanana na upi, huyo ameshabuni jaribio lake mwenyewe, na ruhusa ya kulifanya mbele ya mwalimu ingemfaa kuliko alama ya ziada.